Mtoto, Mto na Mji

Ukitaja neno Kangeta mbele ya watu wa Mombasa, Malindi au Lamu, wengi hawatakuuliza njia ya kufika; watakuuliza bei. Kwetu sisi watu wa mwambao, Kangeta ni aina ya miraa, vifurushi vilivyofungwa kwa majani ya mgomba na kuteremshwa kwa magari yanayokwenda mbio kama yanafukuzwa. Ni wachache wanaokumbuka kwamba jina hilo ni la mji, wenye soko lake, shule zake na watu wake wanaoamka alfajiri kama sisi. Nakiri kwamba hata mimi, niliyeipita miaka hamsini na kuandika mengi juu ya miji ya watu, sikuwa nimekanyaga huko mpaka juzi. Wala sikupelekwa na miraa, maana mimi si mlaji wake, na leo sikukaa kitako kuihukumu. Nilipelekwa na mjukuu.

Mwanangu ameoa huko. Mkewe ni binti wa Kiigembe, na mtoto wao wa kiume bado hajatimiza miaka mitatu. Tangu azaliwe nimekuwa mtu wa visingizio: leo magoti, kesho kazi ya gazeti, keshokutwa Ramadhani. Ukweli ni kwamba moyoni nilikuwa na lile neno tunalolisema barazani bila kufikiri, kwamba huko ni bara, na bara hakuna la kale la kumwonyesha mtoto. Nilitaka mjukuu aletwe kwetu, aione Ngome, aone milango ya nakshi, ajue ametoka kwa watu gani. Sikuwahi kujiuliza kwamba nusu ya watu aliotoka kwao wako Kangeta.

Basi nilipofika, kama ilivyo desturi yangu niendapo ugenini, niliomba nionyeshwe mambo ya kale. Mzee mwenzangu, babu yake mtoto upande wa mama, alicheka kidogo, akatuongoza nyuma ya nyumba hadi shambani. Pale ilikuwa imesimama miraa mikongwe, vigogo vinene vilivyopindana, ambayo wenyewe huiita mbaine. Miti hiyo hurithiwa kutoka kwa babu kwenda kwa baba na kwenda kwa mwana, na mwenye nayo huiheshimu kama sisi tunavyoliheshimu kaburi la mzee wetu. "Nyinyi wa pwani mlijenga kwa mawe," akaniambia. "Sisi tulipanda."

Nilianza kumwuliza habari za umri wa miti ile, kalamu mkononi. Mjukuu wangu hakuwa na habari na umri wa mti. Alichuchumaa chini akitazama msafara wa chungu. Nilimvuta mkono aje aone kigogo, akalia. Nikamvuta tena, akalala chini kabisa, kama watoto wajuavyo. Hapo nikashindwa, nikachuchumaa naye, magoti yakilia kuliko yeye. Kumbe chungu wale walikuwa wakipanda mti kwa kufuata makovu, kovu baada ya kovu, mahali ambapo vijiti vilikatwa na mikono ya watu ambao wengine wao sasa wako chini ya udongo. Mimi niliyesimama na kalamu sikuyaona makovu yale. Aliyenionyesha ni mtoto wa miaka miwili.

Siku ya pili tulishuka mjini Meru, mji uliokaa kando ya mto Kathita, maji yake yakitoka katika mlima Kenya. Tulikuwa wanne: mimi, mzee mwenzangu, mkaza mwanangu na mtoto mgongoni, kafungwa kwa leso niliyomletea mama yake kutoka Mombasa. Mfukoni nilikuwa na orodha: kwanza Nchiru, penye nyumba ya Njuri Ncheke, lile baraza kuu la wazee wa Kimeru ambalo mpaka leo watu huliendea kwa mashauri ya ardhi na ugomvi mwingine, kisha makumbusho, kisha msikitini kwa adhuhuri, kisha mtoni.

Ndugu msomaji, ikiwa una mtoto wa umri huo na unaandika orodha ya namna hiyo, nakushauri uiache nyumbani. Yangu iliharibika tulipokuwa bado Kianjai, pale mtoto alipotapika uji wake wa asubuhi juu ya kanzu yangu. Tulipopita Nchiru alikuwa amelala, nasi hatukuthubutu kumwamsha. Mzee mwenzangu alininyooshea kidole kutoka dirisha la matatu, na hayo ndiyo niliyoyaona ya Njuri Ncheke.

Jengo la Makumbusho ya Meru ni miongoni mwa majengo makongwe ya mji ule. Lilijengwa mwaka 1916 kuwa ofisi ya mtawala wa Kiingereza wa wilaya, na likafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1974. Mwingereza wa kwanza kuweka utawala hapo, E. B. Horne, alifika mwaka 1908, na wenyeji walimpa jina la Kangangi, yaani mzururaji mdogo, kwa vile hakutulia mahali pamoja. Mzee mwenzangu alinisimulia hayo mlangoni, huku mjukuu wetu akipanda ngazi na kushuka, akipanda na kushuka, hata nikapoteza hesabu. "Huyu ndiye Kangangi wa kweli," akasema mzee, na tokea hapo mtoto akawa hana jina jingine siku ile.

Ndani nilitaka asome, naye hajui kusoma. Nilitaka asimame, naye hajui kusimama. Nimeona katika nchi yetu, bara na pwani, kwamba mahali pengi pa kumbukumbu pamepangwa kwa kimo cha mtu mzima: vioo viko juu, maandishi yako juu, na mtoto huambiwa asiguse. Lakini uani zipo nyumba za kimila za Wameru, zenye paa la nyasi na mlango mfupi. Mlango ule mtu mzima huuingia kwa kuinama, naye Kangangi wetu akaingia wima, kama sultani. Mle ndani alikaa chini, akagusa ukuta, akanusa, akatoka, akaingia tena. Sina shaka kwamba yeye aliijua nyumba ile kuliko mimi niliyekuwa nikiandika vipimo vyake.

Jioni, tuliporudi Kangeta, nilimhadithia mwanangu hayo yote kwa furaha. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa adabu: "Baba, mimi Ngome ulinipeleka siku gani?"

Nilinyamaza. Ngome ya Yesu imesimama tangu Wareno walipoijenga mwaka 1593, na kutoka nyumbani kwetu ni mwendo wa kwenda kwa miguu. Mwanangu huyu nilimpitisha mbele ya lango lake kila siku ya chuo, nikimvuta mkono tusichelewe kwa maalim. Ndani nilimwingiza mara moja tu, naye ameisahau, maana na huko pia nilimvuta mkono. Nilikuwa na haraka. Haraka yenyewe siikumbuki ilikuwa ya nini.

Lakini lililonishika zaidi siku ile nililikuta mtoni. Tulikaa juu ya mawe, mtoto kalishwa ndizi, katulia. Alinitazama akasema, "Maji." Kisha akamgeukia babu yake wa pili akasema, "Ruuji," ambalo ndilo neno la Kimeru kwa kitu kile kile. Hakukosea. Alijua nani aambiwe lipi.

Pale mzee mwenzangu akaanza kunisimulia asili yao. Wameru, kwa masimulizi ya wazee wao, walitoka mahali paitwapo Mbwaa, kando ya maji makubwa, katika pande za pwani. Huko walitawaliwa na kutumikishwa na watu walioitwa Nguo Ntune. Neno nguo halikuhitaji mkalimani, na ntune ni nyekundu. Hao wenye nguo nyekundu waliwapa kazi zisizowezekana: watengeneze ndara zenye manyoya pande zote mbili, wafue mkuki wa kugusa mbingu. Mwishowe wakatoroka wakiongozwa na mtu aliyeitwa Koomenjoe, wakayavuka maji, wengine usiku, wengine alfajiri, wengine jua likiwa limetoka. Na kwa nyakati hizo za kuvuka ndipo koo zao zikaitwa nyeusi, nyekundu na nyeupe. Wako watafiti waliosema kwamba Mbwaa hiyo yaelekea ni kisiwa cha Manda, jirani na Lamu, wako wasiokubali.

Mzee hakusema Nguo Ntune walikuwa kina nani. Alikuwa ananitazama mimi na kanzu yangu, akatabasamu, akaitazama tena mito ya maji. Alikuwa na adabu kuliko hadithi yake. Lakini mimi sikuwa mtoto, nilielewa. Katika hadithi ile, ikiwa ni pwani yetu, basi huenda watu wa kwetu ndio waliokuwa na nguo nyekundu. Na hata kama si hao wa Mbwaa, utumwa wa pwani haukuwa ngano. Ulikuwapo, tena katika miji hii hii tunayojivunia milango yake, mpaka ulipofutwa kisheria Kenya mwaka 1907.

Na pale kati yetu alikaa mtoto mmoja mwenye damu ya pande zote mbili, akitupa majani mtoni.

Nitamwambia nini akikua? Nimwonyeshe Lamu na Ngome tu, nimwambie haya ndiyo ya kwenu, na yale ya waliovuka maji usiku nimfiche? Kitabu chetu kimetuamuru tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotutangulia. Hakikutuambia tutazame ya jamaa zetu peke yake, wala mazuri yao peke yake. Nilimwambia mzee mwenzangu, "Hadithi hii ukimsimulia, nami niwepo. Na nitakapomsimulia ya kwetu, nawe uwepo." Akanipa mkono.

Kathita huingia Tana. Tana, mto mrefu kuliko yote ya Kenya, hupita nchi ya Wapokomo na kumwaga maji yake baharini upande wa Kipini, karibu na magofu ya Ungwana, mji wa Waislamu wa kale wenye misikiti yake ya mawe. Jani alilolitupa mjukuu wangu pale Meru, likipata bahati, laweza kufika kwetu. Njia hiyo ya maji ilikuwapo kabla ya reli na kabla ya lami. Tuliosahau kwamba bara na pwani ni mto mmoja ni sisi watu wazima.

Basi nasema na wenzangu wa mwambao, hasa mababu na mabibi tuliopewa wajukuu na huku tukawaacha mbele ya televisheni na simu. Watoeni. Msingoje wajue kusoma. Mtoto wa miaka miwili hatakumbuka mwaka 1916 wala 1974, lakini mwili wake utakumbuka ukuta wa udongo na sauti ya mto, na masikio yake yatayaona maneno ya watu wa pili kuwa maneno ya kwao. Nendeni asubuhi kabla ya jua kali. Kwa siku moja, mahali pamoja panatosha. Chukueni uji, maji na kanzu ya pili. Msimvute mkono. Akisimama kwa chungu, simameni naye.

Na wenye mamlaka juu ya makumbusho na magofu yetu nawaomba jambo dogo: wekeni kitu kimoja tu katika kila mahali, kilicho chini, ambacho mtoto ameruhusiwa kukigusa.

Mimi nimeahidi kurudi Kangeta baada ya mvua, inshallah. Nchiru bado sijaiona. Safari hii sitaandika orodha, na mwanangu nimemwambia apate ruhusa kazini, tufuatane sote watatu. Pengine hata yeye, mtu mzima mwenye ndevu, bado hajachelewa kuonyeshwa jambo na baba yake.