KAMA NI HARAMU, MBONA UNAUZA?

Ndugu yangu wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, unayejazia watu nyimbo kwenye fleshi, leo nasema na wewe.

Mbaraka Mwinshehe alipiga gitaa Morogoro Jazz, akafika Osaka 1970, akaanzisha Super Volcano 1973. Januari 1979 akafa kwa ajali ya gari Mombasa, na miaka 34 tu. Kazikwa, wewe bado unamuuza.

Ukiambiwa uwakumbuke warithi wake, unajibu: "Sheikh, muziki haramu, hauna mirathi." Haya! Kama haramu, mbona unauza? Kama halali, mbona humpi mwenye haki? Chagua moja.

Soma al-Baqara, aya ya 188. Swala ya Ijumaa haifuti haki ya mtu. Rudisha, kisha tubu. Wallahu a'lam.