Kabla uje Kakuma na hojaji yako

Wasee wa siasa na uhusiano wa kimataifa, hii ni yenu. Mbinu za Utafiti mnaiita yuniti ya kulala. Mnakariri aina za sampuli usiku mmoja kabla ya mtihani, mnamwaga kila kitu kwa karatasi, wiki moja baadaye hakuna anayekumbuka sampuli nasibu ni nini. Mwaka wa nne ukifika mnapanda basi mpaka Lodwar, halafu gari lingine kilomita kama 120 mpaka Kakuma, na hojaji mmeikopi kwa tasnifu ya mtu mwingine. Mmekuja kupima "utangamano kati ya wakimbizi na wenyeji". Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na bado nawaambia hiyo ndiyo yuniti ya maana kuliko zote. Shida ni vile mnaisoma.

Chukua swali moja tu: "Je, unawaamini wageni?" Kwa Kiswahili limekaa poa, mgeni mpe chai. Sasa litafsiri kwa Kiturkana harakaharaka, jua likiwaka. Neno linalokuja mdomoni ni emoit, wakiwa wengi ngimoe. Emoit ni mtu asiye Mturkana. Emoit pia ni adui. Ni neno hilo hilo! Umemuuliza mama wa Kalobeyei kama anaamini maadui, amesema hapana, na wewe umeenda kuandika kwamba wenyeji wanachukia wakimbizi. Asilimia iko, chati ya rangi iko, lekcha amefurahi. Hiyo chuki umeibeba wewe kwa tafsiri. Na kijana aliyekutafsiria, yule unamlipa kwa siku, alijua. Hukumuuliza.

Tuje kwa sampuli. Robert Chambers, Mwingereza aliyewahi kuwa ofisa wa utawala huku Kenya enzi za ukoloni, aliandika mwaka 1983 vile watafiti hushikamana na barabara na kuwasahau walio mbali nayo. Zaidi ya miaka 40 imepita na nyinyi bado mnahoji watu wa kando ya lami, mkirudi hotelini kabla giza. Mwenye ng'ombe amehama na adakar yake, hayuko kwa orodha yako. Kwa ripoti yako yeye si mtu.

Na kambini je? Kakuma iko tangu 1992. Kuna watu wamezaliwa hapo, wakakua, wakazaa, wakihojiwa njia yote. Nimewahi kufanya kazi ya kujaza maswali kwa simu, mradi sitautaja. Tunauliza, "Jana mlikula mara ngapi?" Mzee ananiangalia kwanza, anauliza, "Hii ni ya makundi?" Kwa sababu mwaka 2025 chakula cha msaada kilianza kugawanywa kwa makundi manne kulingana na uhitaji, na kundi la nne halipati kitu. Hapo unadhani atakujibu wewe, au atajibu ile fomu anayodhani itamkata chakula? Kitabu kinaita hiyo upendeleo wa majibu, alama mbili kwa mtihani. Kakuma ni chakula cha watoto.

Najua kuna komredi anasema, dropout atatufunza nini. Sawa. Nijibu basi kuhusu sensa ya 2009. Mwaka 2010 Waziri wa Mipango, Wycliffe Oparanya, alitangaza matokeo ya nchi nzima, halafu akafuta ya wilaya nane, zikiwemo Turkana Kaskazini, Kati na Kusini, akisema idadi imepanda kuliko kuzaliwa na kufa kunavyoweza kueleza. Pesa inayokuja kaunti leo inategemea pia idadi ya watu. Sasa, wewe mwenye digrii, ungemjibu vipi? Kelele za ubaguzi peke yake hazitoshi. Lazima ujue nani alihesabiwa wapi, nani alikuwa amevuka mpaka na mifugo, na sensa iliyotangulia ilikosa nani. Hiyo yote ni mbinu. Ndio maana inaniuma kuona vijana wa Lodwar wakiiogopa kama hesabu ya wazungu, tukibaki wahojiwa na wabeba simu kwa tafiti kuhusu nyumba zetu.

Kwa hivyo ukija, njoo vizuri. Kaa siku mbili na watafsiri wako kabla ya kuuliza mtu yeyote. Swali litafsiriwe kwa Kiturkana, mtu mwingine alirudishe kwa Kiswahili bila kuona la kwanza, halafu uone umeuliza nini hasa. Watafsiri wakikubali, majina yao yaingie kwa tasnifu, na si kule kwa shukrani baada ya Mungu na mpenzi wako. Yaingie kwa sura ya mbinu, pamoja na maneno waliyobishania. Ukimaliza, rudi usome matokeo kwa sauti pale pale ulipokaa ukiuliza, kwa lugha uliyojibiwa. Nauli ya hiyo safari ya pili iweke kwa bajeti kabla ya pesa ya kuprinti.