Usiniite 4C

Siku hizi mtu akitaka kukuuzia mafuta ya nywele hapa Nairobi, kwanza anakuuliza namba yako. Si ya simu. Anataka kujua kama wewe ni 3B, 4A ama 4C, na ukimwambia 4C anavuta pumzi kidogo, kama daktari aliyeshika majibu ya maabara. Kisha anakuletea chupa tano.

Wacha nianze na hiyo namba, maana wasee wengi wanadhani iliteremka mlimani pamoja na Amri Kumi. Iliundwa na Andre Walker, Mmarekani aliyekuwa akimtengeneza Oprah Winfrey nywele. Miaka ya 1990 aligawa nywele za binadamu mafungu manne: zilizolala, za mawimbi, za kujiviringa, na za kipilipili mwisho kabisa. Hiyo C unayoibeba kama jina la ukoo hata hakuiweka yeye, iliongezwa baadaye na watu wengine. Na mwaka 2011, alipohojiwa na jarida la Elle, jamaa huyo huyo alisema nywele za kipilipili zina mitindo michache, na kwamba ndizo pekee ambazo angependekeza zibadilishwe kwa dawa. Soma tena hapo. Mwenye chati aliliona fungu letu kama shida ya kutatuliwa, nasi tukachukua chati yake tukaifanya kitambulisho.

Nywele asili zilirudi mjini kwa ahadi kwamba tutaacha kuona aibu. Mimi naona tumebadilishiwa aibu tu. Zamani uliambiwa nywele zako ni mbaya kwa sababu hazijalala. Leo unaambiwa ni mbaya kwa sababu hazijajiviringa vizuri. Kuna jeli, kuna krimu ya kuviringisha, kuna maji ya kupuliza asubuhi ili ile krimu ya jana iamke, na mwisho wa video dada anatikisa kichwa vipete vinarukaruka kama springi. Wewe unafuata kila hatua, unamaliza saa tano usiku, unajiangalia kwenye kioo: wingu. Basi unaona umefeli, unaagiza chupa ya sita.

Hujafeli popote. Unywele wa kipilipili umejikunja kona nyingi, ndogo ndogo, na kila mmoja unajikunja kivyake. Hauna sababu ya kushikana na jirani yake ili waunde kipete kimoja kikubwa cha kuonyesha kamera. Wingu ndiyo sura yake. Ukiambiwa ulirekebishe, jua umeuziwa nywele za mtu mwingine.

Hata lugha yetu haina mikono safi hapa. Nywele zilizolala tumeziita singa, na mtu akitajwa kuwa na nywele za singa unajua anasifiwa. Zetu ni kipilipili, kama punje za pilipili manga zilizomwagwa kichwani. Mimi hilo jina nalipenda, bora litamkwe bila kukunja pua. Pilipili manga ilivusha watu bahari.

Novemba 2017 jarida la Grazia la Uingereza lilimweka Lupita Nyong'o kwenye jalada, likafuta sehemu ya nywele zake na zilizobaki likazilainisha. Lupita alilalamika hadharani, na mpiga picha akaomba radhi. Sasa kama mwenye Oscar anapunguzwa kichwa, wewe na mimi wa matatu ya Rongai tuko wapi?

Lakini tusiwasingizie wageni kila kitu. Wembe wa kwanza tulishikiwa hapa hapa nyumbani.

Shule nyingi za wasichana Kenya, hasa za bweni, zinataka kichwa kinyolewe. Utaambiwa ni usafi, ni nidhamu, ni muda wa kusoma. Darasani kwetu kulikuwa na msichana mmoja ambaye babake ni Mzungu. Yeye aliruhusiwa kufuga zake na kuzifunga nyuma kwa utepe mweusi. Tulioga bafu lile lile, tukala githeri ile ile, tukaamshwa na kengele ile ile saa kumi na moja alfajiri. Kwani uchafu ulikuwa unajua kuchagua kichwa?

Piga hesabu. Miaka minne ya sekondari, na wengine walianza kunyolewa wakiwa primari. Huo ndio umri ambao mtu anajifunza kufua nguo zake, kusonga ugali usio na madonge, kujitunza siku za hedhi. Nywele peke yake ndizo tunazokabidhiwa tukiwa na miaka 18, bila maelezo, kama gari kwa mtu ambaye hajawahi kugusa gia. Ndiyo maana wiki ile ya kumaliza kidato cha nne wengi hukimbia kuweka dawa ama kusuka. Watu wazima wanatucheka eti tunajichukia. Manze, mikono haijawahi kufundishwa! Huwezi kunyoa mtoto tangu darasa la kwanza halafu umuulize mbona hajui kuchana.

Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba shule moja ya Nairobi ilikosea ilipomfukuza mwanafunzi Mrastafari kwa ajili ya dredi zake. Nilifurahi. Lakini hukumu ile ilisimama juu ya dini: nywele zake zililindwa kwa kuwa ni sehemu ya imani yake. Msichana ambaye hana dini ya kumtetea nywele, anayezitaka tu kwa kuwa zimeota kichwani mwake, bado wembe unamngoja langoni siku ya kuripoti.

Sasa tuje kwa ile hoja ya kila siku, kwamba nywele asili ni kazi na ni pesa. Ni kazi ukifuata mtu anayejirekodi Atlanta, maji yanatiririka bafuni dakika 40 yeye akiongea. Mimi naishi ploti ambayo maji huja siku mbili kwa wiki. Nywele zangu naziosha kwa mtungi mmoja wa lita 20, na hubaki ya kupiga deki.

Nagawa mafungu sita, nafunga kila moja, naosha moja moja. Sichani nywele kavu, hata niwe nimechelewa vipi. Nachana zikiwa na maji na konditiona, vidole kwanza, halafu chanuo la meno mapana, nikianzia kwenye ncha na kupanda pole pole hadi kwenye ngozi. Ukianzia juu unasukuma mafundo yote yakutane chini, kisha unayang'oa pamoja na nywele. Nywele zetu hukauka kwa sababu mafuta ya ngozi ya kichwa hayawezi kuteremka zile kona zote yakafika mwisho. Ncha ndizo kongwe, ndizo kavu, na kila kona ni mahali pa kukatika. Na mafuta hayaleti maji, kazi yake ni kuyafungia ndani. Ukipaka mafuta nywele kavu umefungia ukavu. Kwa hivyo maji kwanza, mafuta baadaye, kidogo tu. Mafuta ya nazi ya dukani yanatosha. Ukipata siagi ya shea ya kaskazini mwa Uganda ambayo haijatiwa manukato, nunua, mengine ni mbwembwe.

Halafu uzi. Shosho wako anaujua, muulize kabla hajasahau. Ni uzi mweusi wa kawaida wa nywele. Unashika fungu dogo, unauzungusha kutoka kwenye ngozi hadi ncha, umekaza kiasi tu, unaenda kwa fungu linalofuata. Unalala. Nywele za kipilipili zikikauka zenyewe zinaweza kujikunja zikapoteza zaidi ya nusu ya urefu wake, lakini uzi unazishikilia zikiwa zimenyooka. Asubuhi unafungua, ziko ndefu, bila moto, na stima ikipotea usiku haikuhusu. Kazi hiyo uzi unaifanya kwa bei ya nauli fupi, ndiyo maana hutaona tangazo lake popote.

Na Pwani kuna msuko unaoitwa twende kilioni: mistari michache inayorudi nyuma moja kwa moja, ya kusukwa haraka ili mtu awahi msibani. Nani alikuambia nywele hizi lazima zile siku nzima?

Sijasema saluni zifungwe. Kina mama wa Kenyatta Market wana vidole ambavyo sitawahi kuwa navyo, na wanasomesha watoto kwa vidole hivyo hivyo. Nenda usukwe. Lakini nenda ukikijua kichwa chako, ili msuko ukivutwa hadi nyusi zinapanda useme 'legeza, mama' bila kuona haya. Nywele za kwenye panja zikivutwa mwaka baada ya mwaka, shina hufa, na likifa halirudi kwa mafuta yoyote.

Anayetaka dawa pia aweke, kichwa ni chake. Ajue tu kwamba Oktoba 2022 watafiti wa Marekani waliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000 waliripoti kuwa waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne kwa mwaka walikuwa na hatari ya saratani ya mji wa mimba zaidi ya maradufu ya wasiotumia: karibu 4% kufikia umri wa miaka 70, dhidi ya 1.6%. Hatari yenyewe bado ni ndogo, na utafiti mmoja haufungi mjadala. Ila mimi sijawahi kukaa kwenye kiti cha saluni nikaambiwa hata nusu ya hayo. Nimeambiwa tu nivumilie ikianza kuwasha.

Kwa walimu wakuu nina ombi. Mna muda wa kukagua kucha, soksi na urefu wa sketi. Wapeni wasichana beseni, chanuo na uzi Jumapili mchana, wasukane. Wakubwa wafundishe wadogo. Najua mtasema watapoteza muda wa prepu. Kwetu Jumapili mchana hakukuwa na prepu. Tulikaa ukumbini tukitazama filamu ya zamani ya Kinigeria, ile ile kila muhula, na sehemu ya pili haikuwahi kuletwa.