Lenzi ya picha za sura: ninunue au niache?

Mwezi huu nusura nitoe pauni 1,800 kununua lenzi ya milimita 85, f/1.4. Kwa nesi, hizo ni zamu nyingi za usiku.

Sababu ninayo. Baba alipofariki, picha pekee tuliyopata tuliikata kutoka ya harusi ya binamu; bega la mtu bado linaonekana. Desemba nakwenda Tanga, na safari hii nataka picha nzuri ya Mama.

Nikaikodi kwanza, wikendi moja. Sebule yetu ni ndogo, nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa friji. Nikifungua tundu lote na kumsogelea mwanangu, jicho moja linatoka safi, la pili limeshaingia ukungu. Na mtoto mwenyewe hatulii! Ikabidi nipunguze tundu hadi f/2.8.

Basi nikaazima kwa shemeji yake ya f/1.8, milimita zilezile, nikapunguza hadi hapohapo f/2.8. Mume wangu alishindwa kuzitofautisha picha.

Kweli, f/1.4 huingiza mwanga zaidi kwa kama theluthi mbili. Anayelipwa kupiga harusi za usiku ataiona faida yake. Mimi Mama nitampiga barazani, asubuhi, kivulini.

Nimepata f/1.8 ya mtumba kwa pauni 300. Zilizobaki zimeingia kwenye tiketi. Mama ameshaanza kuuliza avae kitenge kipi.