Viatu vivuliwe kliniki: barua ya wazi kwa Waziri wa Afya

Mheshimiwa Waziri,

Siku ya kliniki ya kisukari mgonjwa hufika asubuhi na mapema, tena wengi huja bila hata kunywa chai. Hupanga foleni, hutobolewa kidole, hupimwa presha na uzito, kisha huonana na daktari na kuondoka na vidonge vyake vya metformini. Mara nyingi yote hayo huisha akiwa bado na viatu miguuni. Barua hii inaomba viatu hivyo vivuliwe.

Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu, na iliyo mirefu zaidi ndiyo huanza. Kwa hiyo nyayo ndizo hutangulia kufa ganzi. Wagonjwa wengi husema miguu inawaka moto usiku. Baada ya muda moto huo hutulia, mwenyewe akashukuru kwamba amepona, kumbe hatari ndiyo kwanza imeingia. Atatembea na kokoto ndani ya kiatu toka kituo cha daladala mpaka nyumbani asijue. Atakanda miguu kwa maji ya moto na ngozi itababuka bila yeye kushtuka. Na kwa kuwa mara nyingi damu nayo haifiki vizuri huko chini, kidonda hukataa kufunga, vijidudu hupenya mpaka mfupani, na mazungumzo ya kukata mguu huanza.

Haya yanatokea hapa hapa nchini. Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliwahi kuandika katika jarida la kitabibu kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa miguu na panya wakiwa usingizini. Panya anatafuna, mtu haamki.

Madaktari hao hao, mapema miaka ya 2000, waliongoza mradi wa Hatua kwa Hatua, ambao Tanzania na India zilikuwa za kwanza kuujaribu. Daktari na muuguzi wa kituo kimoja walifundishwa pamoja kukagua miguu, kusafisha vidonda na kumwelekeza mgonjwa, kisha wakarudi kwao kuanzisha kliniki za miguu. Ujuzi huo, Mheshimiwa, ni mali ya nchi hii, na haustahili kuishia kwenye hospitali kubwa.

Wala hauhitaji mashine. Kuna uzi mgumu wa nailoni unaopinda ukibonyezwa kwa nguvu ya gramu 10. Mgonjwa hufumba macho na kusema anapousikia. Zahanati isiyo nao ina kidole cha muuguzi. Madaktari wa Ipswich, Uingereza, walionyesha kwamba inatosha kugusa taratibu, kwa sekunde moja au mbili, ncha za kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Asiposikia mara mbili au zaidi kati ya sita, miguu yake imeingia hatarini. Kazi nzima huisha haraka kuliko kupima presha.

Kinachoombwa, basi, ni waraka wa Wizara unaoagiza kila mgonjwa wa kisukari akaguliwe miguu angalau mara moja kwa mwaka, na aliyewahi kupata kidonda aonwe kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu. Kadi ya kliniki iwe na nafasi ya kuandika alichokiona muuguzi, kwa sababu kisichoandikwa hakifuatiliwi. Na utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ulipie usafishaji wa vidonda na viatu vya kukinga nyayo, kwani mwenye ganzi anayeshindia kandambili hana kinga yoyote.

Novemba 14 ni Siku ya Kisukari Duniani. Waraka huo ukiwa umefika kwa waganga wakuu wa wilaya kabla ya tarehe hiyo, wauguzi watakuwa na agizo mkononi la kuanzia kliniki inayofuata.