Afya: Makovu na Matibabu Yake

Kovu ni kiraka ambacho mwili hujishonea mahali palipojeruhiwa. Halioti vinyweleo wala halitoi jasho, na hakuna dawa iwezayo kulifuta kabisa. Lakini yako makovu ya namna nyingi, na kila namna ina njia yake ya kutibiwa. Kwa hiyo ni vema mtu ajue lake ni lipi kabla ya kutoa fedha zake.

Liko kovu lililodidimia, mathalani mashimo ya chunusi au ya tetekuwanga. Hili daktari wa ngozi huweza kulipunguza kwa sindano ndogo ndogo au kwa leza. La pili ni lile lililovimba bila kuvuka mpaka wa jeraha. Mara nyingi hupungua lenyewe baada ya miezi mingi, na bamba laini la silikoni, likivaliwa saa 12 au zaidi kila siku, husaidia.

La tatu ni keloidi, ambayo huvuka mpaka wa jeraha na kuendelea kukua, huku ikiwasha na kuuma. Huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, hasa masikioni, kifuani na mabegani. Msichana hutoboa sikio ili avae herini, na baada ya miezi kadhaa tundu hilo dogo limekuwa uvimbe mgumu.

Wako waendao kukatiwa keloidi kwa wembe, au kuichoma kwa dawa kali. Hilo ni kosa, kwa kuwa kukata ni kutia jeraha jipya, nayo hurudi, pengine kubwa kuliko ya kwanza. Hospitalini hudungwa sindano ya steroidi ndani ya kovu lenyewe, kila baada ya majuma manne hivi, mpaka lilainike. Hata daktari akilikata, huendelea na sindano au mionzi ili lisirudi.

Kovu la kuogopwa zaidi ni la moto penye kiungo. Mtoto aliyeungua kiganja kwa uji, asiponyoshwa vidole wakati wa kupona, ngozi hujikunja na vidole hufungamana. Baadaye hana budi kupasuliwa na kupandikizwa ngozi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi mtu akiungua na amwagiwe maji baridi ya mfereji kwa dakika 20, wala asipakwe samli au dawa ya meno. Kisha apelekwe hospitali, na wazazi waulize habari za gango na mazoezi kabla kidonda hakijafunga.