Mkono wa Fundi Hauna Ghala

Sisi wa Lubumbashi tumelelewa na shaba. Tangu tanuru la kampuni ya Union Minière lilipoanza kuyeyusha mawe hapa mwaka 1911, mali kwetu ni kile kinachopimwa, kikapakiwa lorini na kuvuka mpaka wa Kasumbalesa. Ndiyo maana mtu atalipia kitambaa cha kikwembe bila kununa, halafu amgombeze mshonaji: "Eh baba, umeweka nini hapa? Si mikono tu?"

Mikono tu! Imani kwamba huduma si mali kamili, basi iuzwe kwa bei ya huruma, ni upofu wa mizani.

Tazama kobalti. Bei ilipoanguka, serikali ilizuia isiuzwe nje kuanzia Februari 2025, na Oktoba ikaweka mgao wa mauzo ya nje. Madini yalikaa ghalani, bei ikapanda. Hayakuoza. Dereva wa basi dogo la Likasi hana ghala la namna hiyo: akiondoka na viti vitatu vitupu, viti vya safari ile havitauzwa tena, na mafuta yameungua vilevile. Kwa hiyo anangoja gari lijae, na sisi tunamwita mroho. Anapiga hesabu vizuri kuliko sisi tunaomtukana.

Mshonaji yuko palepale. Usipokuja siku uliyopewa ya kupimwa, umemharibia saa ambayo hataiuza kesho. Tena wewe mwenyewe ni sehemu ya kazi yake. Nguo ikibana, huenda ulipimwa ukiwa umebana tumbo.

Watanijibu kwamba shaba hupimwa maabara kabla ya kulipiwa, lakini kazi ya fundi unailipia kwa kuamini. Hapo wana haki, na hapo ndipo mafundi wetu wanapojimaliza. Mteja akisita, wanashusha bei, kama wanauza nyanya za jana. Asiyeweza kuona kazi huisoma bei, na bei ya chini humzidishia shaka. Fundi gari anayekukabidhi kipuri kilichokufa, kimefungwa kwenye gazeti, amekuonyesha kazi iliyofanyika pale lisipofika jicho lako. Huyo anajua soko.

Mshonaji naye achukue avansi, si ya uzi bali ya siku aliyomwekea mteja. Asiyetokea, aipoteze. Wenye harusi watapiga kelele sana wiki ya kwanza, kisha wataanza kuja kwa saa.